Kukwecha

Kutoka Mpanda hadi Maskati nilipanda treni, basi na ndege mbili, na kati ya ndege ya kwanza na ya pili nililala kwenye sakafu ya uwanja wa ndege wa nchi ambayo mpaka leo siwezi kusema nimewahi kufika. Treni ilikwama Tabora kutwa nzima ikisubiri injini. Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka Dar es Salaam, na ya pili haikutungoja. Tulijikuta kundi la Waswahili tumeegemea ukuta. Wenzangu wote walikuwa wanawake waliokuwa wakienda kufanya kazi za ndani, kutoka Tanga, Singida na wawili kutoka Mombasa, na mimi peke yangu mwanaume, na leseni ya udereva mfukoni.

Mmoja wa wale wa Mombasa alianza kulalamika tangu magharibi. Alilalamikia sakafu, akalalamikia chai, akalalamikia viatu vyake na aliyemuuzia. Kadiri alivyoendelea ndivyo wenzake walivyomsogelea, kila mmoja akichangia la kwake, mpaka ikawa kama wanakoka moto. Walicheka sana. Mimi nilikaa pembeni kidogo nikiwa nimekumbatia begi. Mmoja akaniuliza kama mimi sikuchoka. Nikamwambia niko sawa. Akanitazama kama mtu aliyekataa chakula chao.

Ndivyo nilivyokuwa. Nyumbani kwetu mtoto wa kulialia hakupendwa, nikakua nikijua njia moja tu ya kumaliza jambo lisilonipendeza, nayo ni kuondoka. Niliondoka dukani Kahama, nikaondoka kwenye lori la Lusaka, nikaondoka hotelini Arusha, na kote huko waliniaga wakidhani nilikuwa nimeridhika.

Bosi wangu mpya alikuja mwenyewe kunipokea. Alikuwa mhandisi, mtu mzima mwenye upole, amevaa kanzu na kofia yake, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi lakini alikitafuta neno kwa neno kama anayepapasa swichi gizani. Aliniuliza safari ilikuwaje. Nikasema nzuri. Akaridhika, akaweka begi langu kwenye gari, na kabla sijazoea baridi ya kiyoyozi tulikuwa tumeshafika Azaiba, mbele ya nyumba ya ghorofa moja yenye rangi iliyobanduka upande wa baharini.

Mama yake alikuwa amekaa ukumbini. Hata kabla sijaambiwa kitu nilijua kwamba kazi yangu hasa ilikuwa yeye: kumpeleka sokoni, hospitali, misibani na harusini. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza safari ilikuwaje.

"Nzuri, Bibi."

"Nzuri vipi? Mtu katoka huko mwisho wa reli, ndege imemwacha, macho mekundu kama kapulizia kuni mbichi, ati safari nzuri. Haya. Kama hutaki kuzungumza nasi, sema."

Bosi alicheka kwa aibu na kunionyesha chumba changu. Mimi nilidhani nimeshamuudhi mwenye nyumba siku ya kwanza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amenikaribisha, na mimi ndiye niliyekataa kuingia.

Bibi alizaliwa Unguja. Aliletwa Maskati na wazazi wake akiwa msichana, baada ya misukosuko ya huko, na akazeeka hapo bila kuacha kulalama hata siku moja. Nyumba ya Azaiba aliijenga marehemu mumewe. Aliilalamikia nyumba hiyo kwa moyo wote. Unyevu wa bahari ulikuwa ukila kuta na magoti yake kwa pamoja. Mlango wa jikoni ulivimba kila kiangazi, ukahitaji bega. Kidato cha kuingilia chooni kiliwekwa na fundi asiye na mama. Ndege zilipita juu ya paa wakati wa kusali. "Nyumba hii itaniua," alikuwa akisema asubuhi akimimina kahawa, kwa sauti ileile ambayo wengine husema alhamdulillah.

Zamani alikuwa na mwenzake, jirani wa ukuta mmoja, naye mtu wa Unguja. Walikuwa wakikaa barazani alasiri, huyu anatoa lake, yule anatoa lake, kila mmoja akimshinda mwenzake kwa shida. Jirani huyo alifariki kabla sijafika. Nadhani tangu hapo Bibi alibaki na maneno asiyokuwa na pa kuyapeleka, maana mwanawe hakujua kuyapokea. Kila aliposikia lalamiko, Bosi alileta fundi. Mama akisema chumba kina unyevu, jioni inaletwa mashine ya kukausha hewa, nayo inavuma usiku kucha. Akisema kiti kinamuumiza, kinaletwa kiti cha umeme kinachomsimamisha mtu chenyewe. Bibi alikiogopa kiti hicho, akakirundikia nguo za kupigwa pasi.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Siku za mwanzo nilimsikia akimwambia mwanawe ukumbini, "Nnashtaki toka asubuhi, na sababu ni huyu dereva." Kwetu kushtaki ni polisi na mahakama. Nikarudi chumbani kimya kimya nikafunga begi. Sikuuliza nimefanya nini. Bosi alikuja kuniambia tumpeleke mama hospitali, akanikuta nimekaa kitandani nimevaa viatu, begi miguuni. Ndipo nilipoelewa kuwa katika Kiswahili cha nyumba ile, kilicholala kitanda kimoja na Kiarabu, mtu hushtaki mgongo, hushtaki goti, hushtaki kichwa. Daktari ndiye humuuliza mgonjwa anashtaki nini. Mimi nilikuwa nimeyapita matuta ya barabarani kwa kasi, na mgongo wake ulikuwa umeyahesabu yote.

Bibi alipoambiwa alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Halafu akawa hacheki tena. "Na ungeondoka hivo hivo?" akaniuliza. "Hata kusema, mbona umenishtaki, Bibi? Hata hilo?"

Nikamfungulia mlango wa gari. Akasema, "Mwana wa watu wewe una maradhi," akaingia garini.

Basi akaanza kunifunza, bila kusema kwamba ananifunza. Tulikuwa tukienda soko la mboga la Mawaleh, wakati huo bado liko pale. Alikuwa akishika muhogo, anaunusa, anasema una nyuzi. Mwanzoni nilijibu kama Bosi, kwamba tuangalie meza nyingine. Alishusha pumzi, akanunua bila raha. Wiki baada ya wiki nikajirekebisha, mpaka siku moja nikasema, "Hata wa juzi ulikuwa na nyuzi, Bibi. Mimi uzi mmoja umenikwama kwenye jino mpaka leo." Aligeuka akanitazama kwa furaha ya dhati. Njia nzima ya kurudi tulizungumza juu ya muhogo huo na juu ya nazi zinazotoka mbali ambazo ukizikuna hazitoi tui bali maji ya kuoshea vyombo. Tulipofika nyumbani nilijisikia mwepesi, nisijue kwa nini.

Aliyekuwa akifuatana nasi mara nyingi ni mjukuu wake mkubwa, binti wa Bosi, ambaye alifundisha Kiingereza chuoni Al Khoudh. Hakuwa na leseni. Alikuwa ameshafeli mtihani wa udereva mara kadhaa, kwa hiyo Alhamisi tulimpitia. Na wazazi wake alizungumza Kiarabu, na kazini Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha kuzungumza na Bibi, na zaidi cha aina moja. Salamu alitoa kwa Kiarabu, hesabu alipiga kwa Kiingereza, lakini simu ikimzimikia alisema, "Adha gani hii?" Foleni ikisimama, "Nshachoka mie, wallahi." Akikereka alikuwa Mzanzibari kamili, na Zanzibar kwenyewe hajawahi kuishi.

Alhamisi moja aliingia garini amefelishwa tena. Ati aliwasha taa ya kulia akapinda kushoto. Alimlalamikia mtahini, akalalamikia gari la mtihani, akalalamikia jua lililokuwa machoni, na Bibi akamsikiliza kwa fahari kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma vizuri. Alipomaliza, Bibi akamuuliza leo aliwasomesha nini watoto wa watu.

"Maneno ambayo Kiingereza kimeyachukua kwa wengine," akasema. "Kuna watu, Bibi, Mayahudi wa Ulaya ya mashariki. Walikuwa na lugha yao ya nyumbani, Kiyidi. Wengi wakahamia Marekani. Watoto wakashika Kiingereza, wajukuu ndo kabisa. Lakini maneno ya kulalama hayakutoka. Yalibaki majumbani, majirani wakayasikia wakayapenda. Siku hizi Mmarekani yeyote anayatumia."

"Maneno gani hayo?"

"Kvetch."

"Ati?"

"Kvetch. Kulalama kila saa, kwa kila kitu. Lakini asili yake ni kukamua. Kubana kitu mpaka kitoe maji."

Nilimwona Bibi kwenye kioo. Alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe ulioshika mkoba. "Kama ndimu," akasema.

"Kama ndimu."

"Basi hao wanajua wanachokisema. Lete jengine."

Mjukuu akamletea neno la mtu msumbufu, yule anayekufuatafuata na kukukera kwa jambo lake mpaka unatamani kuhama. Bibi akasema huyo wanaye, ni baba yake na mafundi wake. Akamletea neno lao la kupasuka, kupasuka kwa hasira au kwa kuchoka. Bibi akakataa kwamba ni lao. "Hilo letu. Mie hupasuka kila siku."

"Labda kila mtu hupasuka, Bibi."

"Labda." Tukaenda kidogo. Halafu akauliza, "Walihama kwa khiari yao?"

"Baadhi. Wengi walikimbia. Na waliobaki nyuma waliuawa, Bibi, wengi mno."

Tulifika mzunguko wa Mawaleh. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. "Mama'angu alibeba mbuzi ya kukunia nazi," akasema. "Katika vyote vilivyokuwemo nyumbani. Ilimchoma mbavu njia nzima, na njia nzima akailalamikia. Nilikuwa nna njaa na khofu, na kila nikimsikia analalama nnasema, aa, mama yupo."

Sokoni siku hiyo alishika muhogo, akautazama, akasema, "Leo nnakwecha."

Lile neno likakaa. Bibi alilipa mikono na miguu: usinikweche, wamekwechana, huyu mkwechaji. Msiba wa fulani haukuwa na mtu wa kukwecha naye hata mmoja. Mjukuu alikuwa akicheka mpaka machozi, ananiambia kwamba watu wa Kiyidi wangefurahi wangesikia neno lao limefika mpaka kwenye muhogo. Bosi peke yake hakuwa na habari. Siku moja Bibi alimwambia kwamba kutoka hospitali mpaka nyumbani ilikuwa ni kukwecha tu, na kesho yake asubuhi nikakuta gari halipo, amelipeleka gereji. Fundi alilichunguza mbele na nyuma asisikie mlio wowote.

Namcheka, lakini nataka ieleweke kwamba mtu huyo alimpenda mama yake kuliko nilivyowahi kuona mwanaume mzima akimpenda mama. Ndiyo maana yaliyofuata yalikuwa magumu.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula. Niliitwa ukumbini kula nao kama ilivyokuwa desturi ya Ijumaa. Bosi alinawa mikono, akatoa simu, akamwonyesha mama yake picha. Kumbe muda wote ule alikuwa akijenga Al Khoudh, kimyakimya, ili iwe zawadi. Chini hakuna kidato hata kimoja. Milango ni ya alumini, haivimbi. Bahari iko mbali, unyevu hakuna. Ndege hazipiti. Chumba cha mama kiko chini, choo kiko ndani, na kina vishikio ukutani. Kila kitu alichowahi kulalamikia kilikuwa kimejibiwa pale kwa saruji. Na nyumba ya Azaiba alikuwa ameshapata mtu wa kuinunua. "Miaka yote unasema nyumba hii itakuua, Mama," akasema. "Sasa haitakuua."

Bibi alizitazama picha moja moja. "Mashaallah," akasema. "Mwenyezi Mungu akupe kheri, mwanangu." Akammegea paka wa nyumba mnofu wa samaki, akaenda kulala.

Kuanzia siku hiyo aliacha kulalama.

Nyumba nzima ilifurahi. Mke wa Bosi alimwambia mumewe kwamba mama sasa ametulia, laiti tungejenga zamani. Mlango wa jikoni ulivimba na Bibi akausukuma kwa bega bila neno. Ndege zilipita. Kahawa ilikuwa nzuri. Garini alisema njia leo ni nyeupe, alhamdulillah, na hewa nzuri. Nilimjaribu sokoni. Nilimwonyesha muhogo wa kutisha kabisa, mkavu, mweusi pale ulipokatwa, nikamwambia mtu wa kuuza muhogo kama huu hamuogopi Mungu. Bibi akautia kwenye kikapu. Akasema riziki ni riziki.

Nilirudi nyumbani nikiendesha polepole. Kabla ya kuingia barabara ya Azaiba nikasimamisha gari mbele ya maduka, nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi."

"Basi una nini, Bibi?"

Aligeukia dirishani. Watu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye duka la mikate. "Kila nnalolisema linageuka tofali," akasema. "Nimesema kidato, kavunja kidato. Nimesema unyevu, kahamisha bahari. Nimesema nyumba itaniua, kajenga nyengine. Sasa nifungue mdomo niseme nini? Nimwambie, mwanangu, nilikuwa nnazungumza tu? Miaka yote hiyo anabeba saruji, mie nilikuwa nnazungumza tu?" Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ndani ya nyumba ile mume wangu kafia. Wanangu wamezaliwa chumba kile cha nyuma. Nikikaa jikoni nnajua jua limefika wapi bila ya saa. Ntahama. Ntahama na ntashukuru, kwa sababu yeye ni mwanangu. Na wewe usiseme kitu."

Sikusema. Nilikuwa hodari wa kutosema.

Siku ya kwenda kuiona nyumba mpya tulikwenda wote. Mimi niliwaendesha Bibi na mjukuu, Bosi na mkewe wakatangulia. Ilikuwa nyumba nzuri, sitaki kusema uongo. Bosi alimshika mama mkono akampitisha kila chumba, na kila chumba Bibi alikisifu. Mashaallah, dirisha kubwa. Mashaallah, jiko lina nafasi. Vigae vinang'aa. Rangi inatuliza. Alitumia sauti nyororo ambayo sikuwahi kuisikia, isipokuwa tulipokwenda kwenye nyumba za wakubwa kutoa pole. Bosi alikuwa aking'aa kama vile vigae vyake.

Mjukuu alikuwa nyuma yao, karibu na mimi, na viatu mkononi. Nilimwona akipunguza hatua. Bibi alipoingia kukiona choo na mkwe wake, mjukuu akamvuta baba yake kanzu.

"Baba, Bibi hajakwecha hata mara moja."

Bosi alikuwa ameshaambiwa maana ya neno hilo tangu kisa cha gereji. Akatabasamu. "Si ndicho nilichokuwa nnakitaka."

"Hakwechi nyumba za watu, Baba. Unajua hilo."

Alilijua. Nilimwona akilijua. Baadaye alinisimulia kwamba walipokuwa wadogo mama yao aliwapeleka kwenye nyumba za watu na huko kila kitu kilikuwa kitamu, kila kitu kizuri. Wao watoto walikuwa wakingoja mpaka waingie garini, ndipo waelezwe kwamba wali ulikuwa na mawe na mapazia yalikuwa ya mwaka gani. Alipitiwa na usingizi njiani akisikiliza hayo. Nyumba ya mtu unaisifu. Yako ndiyo unayoikamua.

Bibi alitoka chooni akisema mashaallah. Bosi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kupandia juu, kofia ameivua. Nilitaka kutoka nje lakini mlango ulikuwa nyuma yao, kwa hiyo nilibaki nimesimama na funguo za gari.

"Mama," akasema, "nimechoka."

Bibi alisimama.

"Huyu mkandarasi kanichosha. Nimemwambia vigae viwe sawa, vimepinda. Maji taka yamerudi mara mbili. Kazini kuna kijana kawekwa juu yangu, hata kusalimu hajui. Mgongo unaniuma toka Ramadhani. Sikumwambia mtu."

Ilikuwa kama anajifunza kuogelea mbele ya watu wazima. Bibi alimsogelea, akajishusha akakaa kwenye ngazi kando yake, taratibu, akishikilia bega lake.

"Vigae nimeviona toka nnaingia," akasema. "Vimepinda kama meno ya mzee. Na huo mlango wa choo unafungukia ndani, kwenye magoti ya mtu. Alodhani nani atakaa humo, kuku? Na mgongo kwa nini husemi? Umerithi kwa nani wewe, kukaa na jambo kama umemeza jiwe?"

"Sijui, Mama."

"Na huyo kijana wa kazini, hana kwao?"

Wakaendelea. Mke wa Bosi alikaa chini kwenye vigae, mjukuu naye, na wakati fulani wote walikuwa wakizungumza kwa pamoja. Ilikuwa ni muda mrefu kabla Bosi hajauliza alichotaka kuuliza, na alikiuliza huku akitazama kofia yake.

"Na nyumba ya Azaiba, Mama?"

"Ile itaniua," akasema Bibi. "Na nnataka iniue ileile."

Bosi aliinamisha kichwa begani kwa mama yake, mtu mzima na ndevu zenye mvi, akakaa hivyo.

Mnunuzi aliambiwa nyumba haiuzwi tena, naye akalalamika vya kutosha. Bosi, mkewe na watoto wadogo wakahamia Al Khoudh. Mjukuu alikataa kwenda; alisema atabaki na Bibi, chuo si mbali. Akafanya mtihani tena, akapewa leseni, na Bibi akaanza kwenda sokoni na mjukuu wake. Soko lenyewe likaja kuhamishwa kutoka Mawaleh likapelekwa mbali, jambo lililompa Bibi la kusema kwa msimu mzima. Bosi alikuwa akija Azaiba jioni baada ya kazi, bila fundi. Nilisikia kutoka kwa mjukuu kwamba sasa analalama mpaka anapitiliza, Bibi humwambia apumzike ili na yeye Bibi apate zamu.

Mimi nikahamishiwa Al Khoudh kuwapeleka watoto shule. Ni watoto wazuri. Walitazama simu zao, wakashuka, wakasema shukrani. Nilitumikia mkataba huo mpaka mwisho, kisha nikamwambia Bosi kwamba nimeamua kurudi. Aliniuliza kama kuna kitu kimeniudhi. Nikasema hakuna, kila kitu kilikuwa kizuri.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda Azaiba kuaga. Bibi alikuwa ameshakaa barazani ananingoja, na alianza kabla sijafika kwenye ngazi. Shati langu halikupigwa pasi. Begi lile lile nililokuja nalo, miaka yote sikununua jipya, watu watasema walininyima mshahara. Ndege za asubuhi hizi hazina chakula. Maandazi aliyoniandalia yamekunywa mafuta kwa sababu unga wa siku hizi si unga. Alinipa mfuko wa maandazi, bado ya moto.

Halafu akaniambia nikae.

"Huondoki hapa mpaka unambie lililokukera."

Nikacheka. Nikamwambia kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kinapiga kelele.

"Hilo si lenyewe."

Nikamwambia mishikaki ya mtaa wa pili ilikuwa na chumvi.

"Wala hilo."

Mjukuu alikuwa ametoka ndani na funguo za gari, amesimama mlangoni. Nilizitazama zile funguo. Nilitaka kusema hakuna kitu, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini Bibi alikuwa amenitolea macho kama siku ile aliposikia nimefunga begi.

"Umempa mjukuu wako gari langu," nikasema.

Ilitoka kwa sauti ndogo, ya kitoto. Niliona haya. Mjukuu alizificha funguo nyuma.

"Kweli," akasema Bibi. "Nimempa."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza." Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akakibana. "Na yeye hajui kuchagua muhogo. Na matuta anayapita kama anakimbizwa. Kila nikitoka nnakutafuta kwenye kioo, nnaona macho ya huyu. Unadhani mie nimefurahi?"

Hakusema nibaki. Hakusema atamwambia mwanawe. Alinishika tu mkono, akaendelea kulalama juu ya uendeshaji wa mjukuu wake, na mimi nikamwongezea, nikamwambia hata taa huwasha ya kulia akapinda kushoto, na mjukuu akatuambia kwamba anatusikia wote wawili. Tulikaa hapo mpaka saa ya kwenda.

Aliniaga akiwa ameketi, kwa sababu ya magoti. Niliingia kiti cha mbele, upande ambao sikuwahi kukaa katika gari lile. Mjukuu akawasha, akaingiza gia, gari likajivuta kwa shida kuelekea getini. Breki ya mkono ilikuwa bado imepandishwa. Nilinyamaza kidogo, kwa mazoea. Kisha nikamwambia, na akanuna mpaka uwanja wa ndege.